Gari mmeliinua, sawa. Na wishboni je?

Najua nimepotea, testi zilinibana mpaka nikasahau kama kuna kublogu. Leo siandiki habari za foleni ya msosi wala boomu kuchelewa. Leo ni habari za vyuma, wale wa sosholojia mnivumilie kidogo.

Iko hivi. Rumeti wangu ana mjomba wake anakaa Buhongwa, ana Prado, lile umbo la 120. Mjomba kaliinua kwa sentimita 5 kwa kuweka springi ndefu zaidi, maana shamba lake liko ng'ambo, Sengerema, na mvua zikinyesha ule udongo mweusi wa mbugani hauna urafiki na mtu. Kuinua sina neno, hata mimi ningeinua. Kasheshe ilikuwa Jumamosi tulipopanda naye kwenda huko shamba. Tumeingia Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, upepo wa ziwa ukaanza kutupiga ubavuni. Kilomita 3 zile jamani! Mjomba kashika usukani kama anapiga kasia. Akinyoosha, gari linakwenda kulia. Akirudisha, linapitiliza kushoto. Redio ikazimwa yenyewe, yaani sijui nani aliizima.

Tuliporudi Mjomba akalipeleka gereji moja ya mtaani. Fundi akaangalia chini, akasema dawa ni kukata wishboni za juu, kuziongeza urefu kidogo na kuchomelea. Kazi ya saa mbili, bei ya kirafiki. Rumeti akaniamsha usiku: "Wewe si unajifanya unajua magari, hebu mwambie Mjomba." Haya, nikamwambia, na nyie nawaambia.

Wishboni (madukani wengine wanaita kontroli ami) ni ule mkono wenye umbo la herufi A unaoshika tairi la mbele na fremu ya gari. Uko wa chini mnene na wa juu mwembamba. Kwenye fremu unashikwa na bushi, upande wa tairi kuna boljointi. Sasa kumbuka baiskeli ya Phoenix. Ule uma wa mbele haukusimama wima, umelala kwa nyuma, ndiyo maana kijana wa Kisesa anaweza kuachia mikono huku amebeba magunia na baiskeli inakwenda moja kwa moja. Kwenye gari ule mlalo unaitwa kasta. Ukiinua gari, wishboni ya juu inainamia chini, mlalo unapungua, na usukani unakosa hamu ya kurudi katikati wenyewe. Ongeza upepo wa Kigongo hapo.

Kwa hiyo wishboni za kununua kwa ajili ya gari lililoinuliwa zinauza kitu kimoja hasa: boljointi iliyosogezwa nyuma ili kasta irudi, tena ikakaa kwenye pembe inayofaa kimo kipya. Baadhi zimepindwa ili zisiguse springi tairi likining'inia. Rangi nyekundu na stika ni mapambo, wadau. Na bei ya jozi moja inaweza kumaliza boomu la muhula mzima.

Maoni yangu ni kwamba kwa sentimita 5 usinunue chochote kabla hujapima. Lipeleke gari kwenye mashine ya alaimenti, dai karatasi yenye namba za kasta, kulia na kushoto. Prado lile lina bolti za kurekebishia kwenye wishboni za chini, na mara nyingi kwa kimo hicho zinatosha kurudisha namba mahali pake. Zikitosha, baki na wishboni za kiwandani, weka bushi na boljointi mpya, basi. Zisipotosha, hapo nunua, na chagua zenye bushi za mpira na boljointi iliyofunikwa vizuri. Najua kuna washkaji watanirukia kwamba zile za jointi ya chuma tupu zinaruhusu tairi kucheza zaidi. Kweli, kwa watu wa mashindano wanaofungua gari kila wiki. Vumbi letu na tope letu vinaingia mle kama sukari kwenye chai, mwezi wa pili unaanza kusikia kok-kok-kok. Bushi za plastiki ngumu nazo zinataka grisi kila mara. Nani wa kuipaka? Mjomba? Thubutu.

Walioinua kwa spesa juu ya shokapu waangalie zaidi. Springi ndefu kwenye shokapu ileile haiongezi kiasi cha tairi kuning'inia, lakini spesa inalisukuma chini kuliko kiwanda kilivyopanga, na boljointi ya juu inafika mwisho wake. Hao wishboni mpya wanaihitaji mapema.

Kuchomelea hapana. Hapo sitaki mjadala hata wa kistaarabu. Moto unabadilisha chuma pembeni ya mchomeleo, ufa unaanzia hapo, na wishboni ya juu ikikatika tairi linalala. Fikiria linalala katikati ya daraja, gari limejaa watu.

(Land Cruiser za watalii mnazoziona zikielekea geti la Ndabaka msizifananishe. Nyingi zina eksili moja ya mbele na mikono miwili mirefu, kasta yake inarudishwa kwa bushi zilizotobolewa pembeni. Siku nyingine.)

Mjomba alinuna kidogo, "siku hizi watoto wanatufundisha," lakini alikwenda kupima. Kulia bolti zilitosha. Kushoto zikagoma, kumbe bushi ya wishboni ilikuwa imechanika zamani, hata kabla ya kuinua. Zikafungwa mpya pande zote mbili. Nilisimama pale kama msimamizi wa mtihani kuhakikisha fundi hakazi bolti za bushi gari likiwa kwenye jeki. Ukikaza tairi likining'inia, likishuka ule mpira unakaa umejipinda siku zote na unachanika mapema. Likanyage chini kwanza, ndipo ukaze. Fundi alinitazama vibaya sana.

Barabara ya Usagara linakwenda limenyooka, ila bado halijaonja upepo. Jumamosi tunavuka tena. Nimeahidiwa sato wa kuchoma Busisi, na safari hii nakaa mbele, karibu na redio.