Dalali Haondolewi na Programu

Katika mazungumzo kuhusu kampuni changa za teknolojia nchini Tanzania, yaani kampuni zinazoanzishwa kwa mtaji wa wawekezaji ili zikue upesi kwa kutumia programu za simu, kuna imani moja inayorudiwa bila kuhojiwa: kwamba mkulima ni maskini kwa sababu ya dalali, na kwamba simu ikishamkutanisha mkulima na mnunuzi, dalali atatoweka na bei itakaa sawa. Imani hiyo husikika katika mashindano ya wabunifu, huandikwa katika maombi ya ruzuku na hupigiwa makofi na viongozi, lakini haielezi dalali anafanya kazi gani, na kampuni inayojengwa juu ya kutojua huko huja kuilipia gharama yake baadaye.

Imani hiyo inapimika vizuri Mabibo, jijini Dar es Salaam, ambako kuna soko la jumla la ndizi linaloitwa Mahakama ya Ndizi. Mikungu hufika hapo kwa malori kutoka mikoa ya mbali kama Mbeya na Kilimanjaro, ikiwa imefunikwa majani ya migomba, na kila mkungu una ukubwa wake, idadi yake ya chane na siku yake ya kukatwa. Anayepanga bei ni dalali aliyesimama nyuma ya lori, ambaye hutazama mahali mkungu ulipokatwa ili ajue umekaa njiani muda gani, hutenga iliyochubuka kwa kugongana, na anajua upi uende kwa mama lishe leo na upi umngoje mchuuzi wa ndizi mbivu. Mtu huyohuyo ndiye anayetoa mali kauli, yaani bidhaa inayochukuliwa alfajiri kwa ahadi ya mdomo na kulipwa ikishauzwa. Na mchuuzi akikwama, hasara ni ya dalali, kwa sababu mkulima aliyeko Tukuyu hamjui mchuuzi wa Manzese wala hana namna ya kumfuata.

Kamisheni ya dalali, basi, ni malipo ya kazi tatu, ambazo ni kupanga ubora, kukopesha na kubeba hasara, ilhali programu inayojinadi kuwa mbadala wake hufanya kazi ya nne tu, ile ya kukutanisha watu, ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote na ambayo imekwisha kufanyika, kwani picha za shehena hutumwa kwa WhatsApp kabla lori halijaondoka shambani na malipo hupita kwenye simu. Korosho, ambayo hukauka na kukaa ghalani, imeweza kuingizwa katika stakabadhi ghalani na mnada wa kielektroniki. Ndizi haingoji mnada.

Jirani Kenya wamekwisha kulifanya jaribio hili kwa gharama kubwa. Twiga Foods ilianzishwa mwaka 2014 ikianza na ndizi hizihizi, kwa lengo la kununua kwa wakulima na kuwauzia wachuuzi wa Nairobi walioagiza kwa simu. Kwa kuwa kazi za dalali hazikutoweka, kampuni ililazimika kuzibeba yenyewe, ikajikuta na vituo vya kukusanyia mazao, maghala, vyumba vya baridi na malori, na mwaka 2021 ikakusanya dola milioni 50 nyingine kutoka kwa wawekezaji. Novemba 2022 iliwaondoa zaidi ya wafanyakazi 200 wa mauzo na kuweka mawakala wanaolipwa kwa kamisheni, jambo ambalo kwa lugha ya sokoni ni kumrudisha dalali kwa mlango wa nyuma, na mwaka 2023 ikapunguza wafanyakazi tena. Wakosoaji walilaumu uongozi. Lakini uongozi wowote ungekutana na ndizi zilezile zinazooza.

Kinyume chake, teknolojia iliyoenea kuliko zote nchini ilienea kwa kuwaongeza watu wa kati. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilipita kwa mawakala, wakiwemo wenye vibanda vya vocha, ambao walitoa fedha taslimu zao wenyewe na kuwafundisha wateja kubonyeza namba, na sehemu ya watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha ikapanda kutoka asilimia 16 mwaka 2009 hadi 65 mwaka 2017. Hata pale ambapo programu imefanikiwa kumwondoa mtu wa kati wa zamani, imekaa katika kiti chake: mwaka 2022, mamlaka ya usafiri ya LATRA ilipoagiza kamisheni ya teksi za mtandaoni isizidi asilimia 15, Uber ilisitisha huduma zake Tanzania, na ikarejea mwaka uliofuata baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Dalali gani wa ndizi angeweza kufunga biashara ya nchi nzima hadi serikali ilegeze kamba?

Hakuna anayedai kwamba madalali ni malaika. Wapo wanaoficha bei halisi na wanaokula njama za kumsubirisha mwenye lori hadi mzigo uanze kuiva, na mkulima huumia. Dawa ya hila hizo ni wanunuzi wengi zaidi, barabara za shambani zinazopitika masika na vipimo vinavyosimamiwa, mambo ambayo ni kazi ya halmashauri na serikali kuu kuliko ya kijana mwenye kompyuta mpakato.

Kazi ya kijana huyo ipo, ila iko upande wa pili wa meza. Daftari la mali kauli ni kumbukumbu ya nani hukopa kiasi gani na hulipa lini, taarifa ambazo benki inazikosa inapomkataa mchuuzi asiye na hati ya nyumba, na kampuni itakayoziweka katika namna ambayo mkopeshaji anaweza kuziamini itakuwa na wateja kuanzia Mabibo hadi Temeke. Kwa sasa, dalali anayeishiwa fedha huku lori likisubiri hukimbilia mikopo ya umiza inayoitwa kausha damu, na riba anayotozwa huko huikata kwenye bei ya mkulima.