KAMERA NAYO IBISHE HODI

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, hapa Mkuyuni, chini ya milima ya Uluguru, jirani hasukumi mlango wa mwenziwe. Hubisha hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi zake. Hayo si mazoea matupu, bali ni mafundisho ya Suratun-Nur, aya ya 27 na 28, na ya Hadithi za Mtume (S.A.W.).

Leo yuko mgeni asiyebisha hodi. Kijana aliyeko Dar es Salaam au Muscat huwafungia wazazi wake kamera ya ulinzi, akaitazama kwa simu yake. Nia ni njema, kwani kuhifadhi mali ni katika makusudio ya sheria. Lakini kamera iliyoelekezwa sebuleni humwona shemeji akiwa hana mtandio, na kinasa sauti chake husikia siri za mume na mkewe.

Aya ya 58 ya sura hiyo inawataka hata watoto wadogo waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya Isha. Ikiwa mtoto wa nyumbani huzuiliwa, seuze jicho lisilolala? Tena Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu mmoja alichungulia chumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye akabainisha kuwa ruhusa imewekwa kwa ajili ya macho. Basi aangaliaye kwa mbali naye ameingia.

Wala picha hizo aghalabu hazikai nyumbani. Huhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni. Mwaka 2023, serikali ya Marekani iliishitaki kampuni ya Ring kwa kuwaachia wafanyakazi watazame picha za faragha za wateja, nayo ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini ndani ya familia, mlinzi wa kwanza ni ucha Mungu.

Kwa hiyo kamera itazame lango na ghala, si sebule wala uani. Kinasa sauti kizimwe. Fundi akishaondoka, neno la siri libadilishwe. Na wote waishio humo, pamoja na msichana wa kazi, waelezwe na waridhie.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu. Amin.