MAONI: White Sox wasiuze vijana wao tena, safari hii walipe

Ukinikuta asubuhi macho mekundu, usifikirie nilikuwa sherehe. Nilikuwa naangalia White Sox wakipigwa.

Mechi ya saa kumi na mbili na dakika 40 jioni kule Chicago huanza saa nane na dakika 40 usiku hapa Nairobi. Saa hizo mimi huwa macho nikifanya kazi za mtandaoni za wateja wa Marekani, na nilianza kuweka besiboli pembeni ya skrini ili nisisinzie. Nikajipata shabiki. Katika ligi ya MLB yenye timu 30, nikaangukia ile inayopigwa kuliko zote. Wasee wa base hunicheka: "Yaani Man U haikutoshi, ukaenda kutafuta machozi mengine ng'ambo?"

Wengi hapa walisikia jina la White Sox mara ya kwanza Mei 2025, Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago, alipochaguliwa kuwa Papa Leo XIV na ikajulikana kwamba ni shabiki wao. Mwaka 2005 alikuwa uwanjani timu hiyo ilipocheza mechi ya kwanza ya fainali, World Series. Walitwaa taji mwaka huo, la kwanza tangu 1917. Tangu hapo, hakuna lingine.

Msimu wa 2024 ndio uliwatia kwenye vitabu vya historia, lakini kwa aibu. Walicheza mechi 162, wakashinda 41 na kupoteza 121. Katika enzi ya kisasa ya besiboli, inayohesabiwa tangu 1901, hakuna timu iliyowahi kupoteza mechi nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Rekodi ya awali ilikuwa ya New York Mets, waliopoteza 120 mwaka 1962. Kuna kipindi mwezi Julai na Agosti walipoteza 21 mfululizo. Kocha Pedro Grifol akafutwa.

2025 walishinda 60 na kupoteza 102. Bado ni aibu, lakini mashabiki wengi walimaliza msimu wakitabasamu. Mimi pia. Kuna vijana wapya, na vijana hao wanacheza. Ila kabla hatujaanza kuimba, nina jambo moja la kusema: safari hii swali si kama vijana ni wazuri. Swali ni kama mwenye timu atawalipa wakishakuwa wakubwa, ama atawauza tena na kutuambia tusubiri.

Kwa msomaji asiyejua mchezo huu, hebu nieleze kusuka kikosi upya kunavyoenda kule. Una nyota mmoja au wawili, na timu yako haiendi popote. Unawapeleka kwa timu zinazowania ubingwa, na badala ya pesa unapewa chipukizi, vijana wa miaka 19 hadi 22 wanaocheza ligi za chini. Unakubali kupigwa miaka kadhaa, kwa sababu timu mbovu hupata nafasi nzuri ya kuchagua kijana bora kwenye drafti ya kila mwaka. Kijana akipanda ligi kuu, anakuwa mali yako kwa miaka sita ya huduma kabla hajawa huru kwenda atakako. Ile mitatu ya kwanza kwa kawaida analipwa karibu na kiwango cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Kwangu na kwako hizo ni ganji za kufa mtu. Kwenye ligi ambayo nyota hulipwa dola milioni 30 kwa mwaka, ni mshahara wa kibarua.

Na mbinu hiyo imewahi kufaulu, lazima tuseme ukweli. Houston Astros walipoteza zaidi ya mechi 100 kila mwaka kutoka 2011 hadi 2013, na 2017 wakawa mabingwa. Majirani wetu wa upande wa kaskazini wa Chicago, Cubs, walipoteza 101 mwaka 2012, na 2016 wakatwaa taji lao la kwanza tangu 1908. Kwa hivyo mtu akiniambia kuuza nyota ni upuzi, simkubalii.

Tatizo ni kwamba White Sox waliimba wimbo huu huu 2016.

Desemba mwaka huo walimtoa Chris Sale, mmoja wa warushaji bora duniani, kwenda Boston, wakapewa Yoan Moncada na Michael Kopech pamoja na wengine wawili. Wakamtoa Adam Eaton kwenda Washington, wakapata Lucas Giolito, Reynaldo López na Dane Dunning. Julai 2017 wakampeleka José Quintana kwa Cubs, wakachukua Eloy Jiménez na Dylan Cease. Kwenye karatasi hakukuwa na timu yenye vijana watamu kuliko hao. Na kweli 2020 walifika mchujo, na 2021 wakashinda mechi 93 na kuongoza kundi lao, kabla Astros hawajawatoa.

Kufikia hapo ndipo unafungua mkoba. Kikosi kina mapengo mawili matatu, vijana wako moto na bado ni wa bei nafuu, kwa hivyo unanunua watu wa kuziba. White Sox hawakufungua, si kwa kiwango kilichohitajika. Mkataba mkubwa zaidi katika historia ya timu hii mpaka leo ni ule wa dola milioni 75 waliompa Andrew Benintendi Januari 2023. Hiyo ni timu ya Chicago, bana, mojawapo ya miji mikubwa zaidi Marekani! 2022 wakashinda 81 na kupoteza 81. 2023 wakapoteza 101. Wakubwa wawili wa usimamizi wakafutwa, Chris Getz akapewa usukani, na mnada ukafunguliwa upya.

Fuatilia walikoenda wale vijana wa kwanza. Giolito na López walipelekwa Angels Julai 2023, na kati ya waliokuja kuwabadilisha ni Edgar Quero, mdakaji. Cease akapelekwa San Diego Machi 2024, akaja Drew Thorpe na wenzake watatu. Kopech akapelekwa Los Angeles Dodgers Julai 2024, White Sox wakapata Miguel Vargas. Kopech alivaa pete ya ubingwa mwaka huo huo. Na yule Chris Sale wa mwanzo? 2018 alikuwa bingwa na Boston, na 2024, mwaka ule White Sox walipoteza 121, alishinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa National League, akiwa Atlanta.

Kwa hivyo ukiwa shabiki uliyeahidiwa matunda ya Sale, uliambiwa ungoje Kopech. Ukamngoja. Sasa unaambiwa ungoje Vargas. Waliobadilishwa na Giolito wanakua, na siku wakikomaa nao watabadilishwa na watoto wengine. Hapo timu haijengwi, inazungushwa tu.

Halafu kuna kichekesho cha drafti. Ungedhani kupoteza 121 kungewapa angalau chaguo la kwanza. Wapi! Kanuni za ligi haziruhusu timu ya soko kubwa kuingia kwenye bahati nasibu ya drafti miaka miwili mfululizo, na wao walikuwa wameingia mwaka uliotangulia. Wakachagua wa 10 mwaka 2025. Yaani msimu mbovu kuliko yote haukuwanunulia hata foleni nzuri.

Sasa basi, mbona natabasamu?

Kwa sababu kuna dalili kwamba vijana wa sasa wanafundishwa vizuri kuliko wale wa kwanza. Mchukue Colson Montgomery. Walimchagua 2021 akitoka shule ya upili. Mwanzo wa 2025 alikuwa anapotea kabisa huko ligi ya chini, hapigi mpira. Badala ya kumwacha azame, walimtoa kikosini, wakampeleka kwenye kambi yao ya Arizona, wakaketi naye kurekebisha anavyopiga. Julai akapandishwa ligi kuu, na katika nusu msimu tu alipiga homurani 21. Kijana ni yule yule wa miezi michache nyuma, ila kuna mtu aliketi naye.

Mchukue pia Shane Smith, mrushaji ambaye Milwaukee hawakumlinda. White Sox wakamnyakua Desemba 2024 kwa kanuni inayoruhusu kuchukua wachezaji walioachwa hivyo, na Julai 2025 alikuwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Kisha kuna Kyle Teel, mdakaji, na Chase Meidroth, waliotoka Boston Desemba 2024 pamoja na Braden Montgomery na Wikelman González, wote wanne kwa kubadilishwa na mtu mmoja, Garrett Crochet. Teel na Meidroth tayari wanacheza ligi kuu, na wanacheza vizuri.

Lakini ona upande wa pili wa dili hiyo. Miezi minne baadaye Boston walimpa Crochet mkataba wa miaka sita wa dola milioni 170, na msimu huo akaongoza American League kwa kuwatoa wapigaji 255. White Sox walimchagua wenyewe, wakamlea wenyewe, wakamsubiri apone kiwiko alichofanyiwa upasuaji. Alipofika bei yake, mwingine ndiye aliyelipa.

Na chipukizi si pesa benki. Thorpe, yule wa dili ya Cease, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Machi 2025 na hakurusha mpira hata mmoja msimu huo.

Mapumziko haya yamekuwa na habari za kuchanganya. Desemba walishinda bahati nasibu, kwa hivyo drafti ya 2026 watachagua wa kwanza. Wakamsajili Munetaka Murakami, Mjapani aliyewahi kupiga homurani 56 kwa msimu mmoja nyumbani kwao, kwa dola milioni 34 za miaka miwili. Nilipiga nduru nikiwa peke yangu kwa nyumba. Halafu Januari wakamtoa Luis Robert Jr. kwenda Mets, wakamchukua Luisangel Acuña na mrushaji kijana. Robert alikuwa na mshahara wa dola milioni 20 na majeraha yasiyoisha, kwa hivyo naelewa. Lakini Robert alikuwa nyota wa mwisho wa ule mradi wa kwanza. Sasa hakuna aliyebaki.

Kuna wanaosema tumngoje mwenye timu mpya. Jerry Reinsdorf amemiliki White Sox tangu 1981, na 2025 alitangaza makubaliano ambayo yanaweza kumpa Justin Ishbia udhibiti wa timu kati ya 2029 na 2033. Piga hesabu. Colson na Teel walianza 2025. Kufikia 2029 watakuwa wanaomba pesa za watu wazima, na mwenye mkoba anaweza kuwa bado ni yule yule. Tukingoja, tutakuwa tumewauza.

Ndiyo maana nasema: mkalisheni Colson Montgomery mezani sasa, kabla bei haijapanda, mumpe mkataba mrefu unaopita hata ule wa Benintendi. Inaweza kugeuka kuwa kosa? Ndiyo. Nusu msimu si ushahidi kamili. Lakini siku mtakapomlipa kijana mmoja pesa ya kweli ndiyo siku nitaamini kwamba kusuka kumeisha. Kabla ya hapo ni maneno.

Mashabiki wa Arsenal hapa mtaani wanaelewa ninachosema. Walimaliza nafasi ya nane misimu miwili mfululizo, 2020 na 2021, na tukawacheka sana. Lakini Bukayo Saka na William Saliba walipoiva, 2023, klabu iliwapa mikataba mipya na mwaka huo huo ikamnunua Declan Rice kwa zaidi ya pauni milioni 100. Waliambiwa wavumilie, wakavumilia, na vijana waliowavumilia bado wako kikosini.

Labda jambo hili linaniuma kwa sababu nimesikia neno "kesho" tangu nikiwa darasa la tatu. Vijana ni viongozi wa kesho. Niliacha chuo karo ilipoisha nikiwa bado naitwa mtu mwenye kipaji, na nimefanya kazi kadhaa nikilipwa ahadi kwamba "tukikua, utakua nasi". Kule Marekani, kijana wa Triple-A, hatua moja tu chini ya ligi kuu, kiwango chake cha chini kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka hadi walipojiunga na chama, na 2023 kikapanda hadi 35,800. Hakuna aliyewaongeza kwa sababu walikuwa na mustakabali mzuri. Waliongezwa kwa sababu waliketi pamoja wakadai.

Shabiki naye adai. Msimu ukianza nitakuwa macho tena saa nane usiku, chai ya tangawizi mkononi, nikihesabu homurani za Colson. Wakipoteza 95 sitalalamika. Ila nikiamka siku moja nikute wamempeleka Boston kwa watoto wengine wanne, msiniulize tena kuhusu besiboli. Nitakuwa nimelala.