Michoro ya manusura hufichua yasiyosemwa na takwimu

JANGA linapotokea, habari ya kwanza kumfikia msomaji ni idadi: waliokufa, waliojeruhiwa, nyumba zilizobomoka. Idadi hiyo ndiyo huongoza ugavi wa misaada. Hata hivyo, haielezi manusura wanaishije siku zinazofuata.

Tetemeko la Septemba 1, 1923 nchini Japani, pamoja na moto uliofuata, liliua watu wapatao 105,000 na kuteketeza sehemu kubwa ya miji ya Tokyo na Yokohama. Mchoraji Takehisa Yumeji, aliyesifika kwa picha za wanawake warembo, alizunguka Tokyo akiwachora walionusurika. Kuanzia Septemba 14, gazeti la Miyako Shimbun likawa linachapisha michoro na maelezo yake.

Mmoja wa michoro hiyo unaonyesha watoto wakicheza sungusungu na kumtuhumu mwenzao kwamba sura yake si ya Kijapani. Mchezo huo haukuwa mzaha. Uvumi kwamba Wakorea walitia sumu visimani ulikuwa umesababisha maelfu yao kuuawa na raia wenye silaha, askari na polisi. Serikali ilipiga marufuku magazeti kuandika kuhusu mauaji hayo hadi Oktoba 20. Hivyo basi, kalamu ya mchoraji ilipenyeza jambo ambalo waandishi walikatazwa kulitaja.

Afrika Mashariki nayo ina la kujifunza. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoikumba Bukoba, Tanzania, Septemba 10, 2016, watu wasiopungua 16 walifariki. Mjadala uligeukia upesi akaunti ya michango, baada ya maafisa kufutwa kazi kwa madai ya kufungua akaunti bandia. Kashfa hiyo ilistahili kuandikwa, lakini waliolala nje ya nyumba zao zilizopasuka wakafifia.

Katika maeneo kame kama Siakago, Kaunti ya Embu, janga lililozoeleka si tetemeko bali ukame. Ukame huja kimyakimya, bila ukuta kuanguka, na waathiriwa wake aghalabu huonekana magazetini wakiwa kwenye foleni ya chakula cha msaada pekee. Wanaokosekana ni mkulima anayepanda upya na mama anayeuza mbuzi wa mwisho ili alipe karo.

Mchoro haumpi mwenye njaa unga. Lakini humlazimu mchoraji kuketi na mtu huyo, kumwomba idhini na kumtazama kwa makini. Vyombo vya habari vinawiwa subira hiyo na manusura, hata vinapotumia kamera.