Mwalimu, simu yako si maktaba

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa Sekondari Msingi. Chuoni alisomea Kemia na Biolojia. Somo alilokabidhiwa ni Pre-Technical Studies, lile ambalo tangu 2024 limebeba tumboni mwake kompyuta, biashara na michoro ya kiufundi, na hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Mwishoni mwa muhula wa kwanza alinipigia kwa simu ya jirani. Yake ilikuwa imenyakuliwa dirishani mwa matatu.

Nikampa pole. Nilidhani analilia simu.

"Simu nitanunua nyingine," akasema. "Lakini vitu vyangu vyote vya Gredi ya Saba na ya Nane viko huko ndani. Miaka miwili! Si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Nirudishie."

Mtu wa kompyuta akajaribu. Kwa wasiojua: nakala ya akiba ya WhatsApp katika simu za Android huwekwa kwenye akaunti yako ya Google, na zamani haikuhesabiwa katika zile gigabaiti 15 za bure. Mwaka 2024 ikaanza kuhesabiwa. Akaunti ya dada ilikuwa imejaa picha za harusi ya binamu yetu, kwa hiyo akiba ilikwama kimyakimya na nakala tuliyoipata ilikuwa ya miezi mingi iliyopita. Tuliifungua tukaketi kuipekua. Asante mwalimu. Amina. Tuma tena hiyo ya wiki ya tano. Aliye na majibu ya ule mtihani? Kheri ya kuzaliwa. Asante mwalimu. Faili nyingi zilizotajwa hazikufunguka tena.

Alikuwa katika vikundi vinane. Kimoja kilikuwa na walimu zaidi ya mia tisa (kikundi kimoja huweza kubeba hadi watu 1,024 tangu 2022). Ukimwuliza mtu yeyote angekwambia dada ana mtandao mkubwa wa kujifunza. Mimi nasema hakuwa nao. Alikuwa na bomba la maji linalopita mbele ya nyumba, na hana hata ndoo.

Jambo hili la mwalimu kujijengea mtandao wake binafsi wa kujifunza si geni. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes, wote wa Kanada, waliendesha kozi mtandaoni kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba. Waliolipa karo walikuwa kama 25 hivi, na zaidi ya 2,000 wengine wakafuata bure kutoka kila pembe ya dunia. Downes aliwapa washiriki kazi nne: kusanya unachokipata, kichanganye na ulichonacho, kigeuze kikufae wewe, kisha kipeleke mbele kwa wengine. Sasa tazama vikundi vyetu. Kukusanya tumebobea. Kupeleka mbele ndiyo usiseme, ni kubofya mara moja tu. Yale mawili ya katikati, ambayo ndiyo kujifunza kwenyewe, tumeyaruka.

Ndiyo maana azimio la kazi moja huzunguka kaunti hadi kaunti, watu wakiuziana kwa M-Pesa, na jina la shule ya aliyeliandika bado liko chini ya ukurasa. Dada aliwahi kununua moja ambalo wiki ya saba ilikuwa imeandikwa mara mbili na wiki ya nane haipo. Baadaye akalikuta lilelile katika kikundi kingine, na kosa lake lilelile. Watu mia tisa wameliona na hakuna aliyelirekebisha. Sisi waandishi wa programu tungeona aibu. Katika kazi yetu ukitumia msimbo wa mtu ukakuta hitilafu, unaripoti, na ukiweza unatuma marekebisho. Si kwamba sisi ni watu wema kuliko walimu. Ni kwamba kuna mahali pa kurekebishia, na historia ya nani alibadilisha nini inabaki. Katika kikundi cha gumzo hakuna mahali hapo. Kilichosemwa Jumatatu kimezikwa kufikia Jumatano.

Na usiniambie dawa ni kuhamia programu nyingine. Walimu wa ng'ambo wamehama mpaka wamechoka. Mwaka 2010 Ning ilifuta huduma yake ya bure, na walimu wengi walikuwa wamejenga jumuiya zao humo. Google Reader ikafungwa Julai 2013. Edmodo, iliyotengenezwa mahususi kwa walimu na wanafunzi, ikazimwa Septemba 2022. Mwezi uliofuata Twitter ikanunuliwa na Elon Musk, mwaka 2023 ikawa X, na walimu waliokuwa wakikutana pale wakatawanyika. Nyumba ya kupanga ni nyumba ya kupanga, hata kama hulipi kodi.

Walionivutia mimi ni walimu wa hisabati wa Marekani. Mmoja wao, Dan Meyer, alianza blogu yake mwaka 2006 akiwa mwalimu wa darasani, na wenzake wengi wakawa na za kwao. Walikuwa wakipiga soga Twitter, naam, lakini somo lenyewe, yaani picha, swali, jinsi lilivyokwenda na pale lilipoharibika, liliandikwa mahali pa mwandishi mwenyewe. Mwaka 2012 wakakutana ana kwa ana St. Louis, watu waliojuana kwa maandishi tu. Soga ikifa, ukurasa unabaki. Siku hizi ukitafuta namna ya kufundisha sehemu fulani ya hisabati bado unaangukia kurasa zao za zamani.

Basi nilimfanyia nini dada? Kidogo sana, na hakuna uchawi. Tulifungua blogu ya bure, ya aina inayokuruhusu kupakua kila kitu kuwa faili moja ukitaka kuhama, na faili hiyo huiweka kwenye kijiti cha USB kila mwisho wa mwezi. Vikundi vinane vikawa viwili. Kisha nikamwambia aniandikie majina ya watu ambao, katika miaka hiyo miwili, waliwahi kusema "nilijaribu hivi, ikakataa hapa". Akafikiri jioni nzima. Walikuwa tisa. Tisa kati ya zaidi ya elfu! Hao ndio mtandao wake. Aliwaandikia mmoja mmoja, na saba wakajibu.

Kila Ijumaa anaandika ukurasa mmoja: mada, aliipata kwa nani, alibadilisha nini, darasani ilikuwaje. Hilo la mwisho lilimtisha. Mwalimu wetu wa Kenya amezoea kukaguliwa, na kukiri hadharani kwamba somo lilianguka ni kama kumwandikia mkaguzi ripoti dhidi yako mwenyewe. Sina jibu rahisi hapo. Yeye aliamua kutoandika jina la shule, na sheria yake ya pili ni kwamba hakuna sura ya mtoto wala jina lake. Anapiga picha ya ubao, ya daftari, ya mikono. Hilo si uoga. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi.

Niwape mfano wa jinsi linavyofanya kazi. Alitaka kufundisha algorithimu na hakuwa na tarakilishi za kutosha. Nikamwonyesha CS Unplugged, mazoezi ya bure yaliyotokana na kazi ya Tim Bell na wenzake, ambayo huendelezwa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Mojawapo huchorwa chini kwa chaki: watoto sita, kila mmoja na namba yake, wanatembea wakifuata mistari. Wawili wakikutana kwenye duara, mwenye namba ndogo anaelekea kushoto, mwenye kubwa kulia. Wakifika mwisho wamejipanga kwa mfuatano bila kuamriwa na mtu. Zuri ajabu. Ila dada ana watoto 62. Sita wanatembea, 56 wanarushiana mawe. Aliandika hivyohivyo. Mmoja wa wale saba akamjibu kwamba yeye huchora mitandao minne, na wasiotembea huwapa kazi ya kukisia nani atatokea wapi na kuhesabu milinganisho. Wiki iliyofuata dada akajaribu, akaongeza kwamba badala ya namba unaweza kutumia maneno ya Kiswahili yapangwe kialfabeti. Sasa ukurasa ule una mikono ya watu watatu, na kila mmoja anajulikana alichoongeza.

Najua kuna atakayesema siku hizi unauliza ChatGPT tu. Uliza, hata dada huuliza. Itakupa andalio la somo safi kabisa kwa sekunde kumi. Lakini haitarudi Ijumaa kukuambia kwamba kwa darasa la 62 chaki iliisha kabla ya mtandao wa tatu.

Na muda? Mwalimu ana daftari za kusahihisha mpaka usiku, najua, nimekulia katika nyumba hiyo. Tulihesabu kwenye simu yake mpya, inayoonyesha muda unaotumia kila programu. Kabla hajatoka katika vile vikundi sita alikuwa akitumia zaidi ya saa moja kwa siku kuvipitisha kidole. Ukurasa wa Ijumaa humchukua dakika arobaini, na malalamiko kidogo kwangu kwamba kibodi ya simu inamsahihishia Kiswahili kuwa Kiingereza.

Wiki ijayo anaanza kuandika programu kwa vitalu vya kuburuta. Ana tarakilishi nne zinazowaka na watoto walewale 62. Amewauliza wale saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulijaribu katika hali hiyo, kwa hiyo safari hii ukurasa wa kwanza ni wake.