Gemu ya Bure Iliyowaudhi Waliokuwa Tayari Kulipa

Mwaka 1997 studio ya Bullfrog ya Uingereza ilitoa gemu ya kompyuta iitwayo Dungeon Keeper. Ndani yake wewe si shujaa. Wewe ndiye adui. Unawatuma vibwengo wako wachimbe mahandaki chini ya ardhi, unajenga vyumba, unavutia mazimwi waje kukaa kwako, unatega mitego, halafu unawangoja mashujaa wanaokuja kukuvamia. Raha yote iko kwenye kupanga: nichimbe wapi kwanza, dhahabu hii niitumie vipi, mlango upi niufunge. Ulinunua mara moja, ukacheza miaka.

Mwanzoni mwa 2014, kampuni ya Electronic Arts iliyomiliki jina hilo ikaileta upya kwenye simu. Safari hii, bure. Ungedhani mashabiki wangeshangilia. Badala yake walikasirika vibaya sana.

Sababu ilionekana dakika za mwanzo tu. Jiwe ambalo kwenye gemu ya zamani lilichimbwa kwa sekunde chache, sasa lilichukua saa nne. Mengine yalichukua saa 24. Hukutaka kungoja? Lipa kwa vito. Vito viliweza kupatikana polepole kwa kucheza, lakini njia ya haraka ilikuwa kuvinunua kwa pesa halisi. Peter Molyneux, aliyeongoza utengenezaji wa ile ya kwanza, alisema hadharani kwamba anachotaka ni kujenga handaki lake, si kutega kengele ya saa na kungoja siku kadhaa jiwe limoja livunjike.

Wapo waliosema mashabiki hao ni wachoyo, wanataka vya bure na bado wanalalamika. Mimi sikubali. Mwaka mmoja hivi kabla ya gemu hiyo ya simu kutoka, wapenzi wa Dungeon Keeper walikuwa wamechangisha zaidi ya pauni 200,000 kupitia Kickstarter ili gemu nyingine ya mtindo huohuo, War for the Overworld, itengenezwe. Walitoa pesa kabla hata ya kuiona, ilitoka 2015. Hao si watu wa kukwepa kulipa. Walichokataa ni kulipia kitu ambacho bei yake yote haisemwi.

Hebu fikiria drafti ya vizibo vya soda pale kibandani. Umeona njia ya kula kete tatu. Unanyoosha mkono, mwenye ubao anakwambia, "Ngoja kesho saa nane, au nipe ishirini bob usogeze sasa." Hapo mchezo umeisha. Kilichobaki ni nani ana pesa. Gemu ya mkakati inauza akili ya kupanga, na ukianza kuuza subira mahali pa akili, umeitoa roho yake.

Ukweli usemwe pia: kulipa kidogo kidogo si dhambi. Sisi Wakenya tunaishi hivyo. Tunanunua mafuta ya kupima, sukari ya kupima, bando ya saa moja. Mtu asiye na elfu mbili kwa mkupuo anapata nafasi. Lakini mafuta ya kupima unaona kipimo, unajua bei, unaondoka na chupa yako. Kwenye gemu kama ile, shilingi zako zinageuzwa vito kwanza. Ukishakuwa na vito mia kadhaa, akili haihesabu tena pesa, inahesabu vito. Na hakuna anayekwambia handaki zima litakugharimu kiasi gani mpaka liishe.

Mambo hayakuishia kwenye malalamiko. Julai 2014, mamlaka inayosimamia matangazo Uingereza, ASA, iliamua kwamba tangazo la barua pepe lililoinadi gemu hiyo kuwa ya bure lilikuwa la kupotosha, kwa kuwa asiyelipa angebanwa sana kuliko alivyotarajia. Kampuni ilijitetea kuwa kila kitu kingeweza kupatikana bila kulipa. Pengine, kama una subira ya jiwe.

Mwaka huohuo Marekani, tume ya biashara FTC iliafikiana na Apple irudishe angalau dola milioni 32.5, na Google angalau dola milioni 19, kwa wateja ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya programu bila idhini ya mzazi. Tatizo moja lilikuwa hili: mzazi aliweka nywila mara moja, na mlango ukabaki wazi, dakika 15 kwa Apple na 30 kwa Google. Mtoto akanunua na kununua.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Kazi yetu ni kurahisisha malipo, na tunajivunia hilo. Lakini ile sekunde unayosimama kabla ya kuweka PIN ni yako. Ndiyo nafasi ya kujiuliza: nalipia nini, na nitalipia mara ngapi? Programu yoyote inayojaribu kuiondoa nafasi hiyo, itilie shaka.

Kwa hivyo kabla ya kupakua gemu ya bure, soma ukurasa wake dukani. Ikiwa kuna vitu vya kuuzwa ndani, huwa inaandikwa, mara nyingi pamoja na bei ya chini na ya juu. Weka mipangilio ya simu idai uthibitisho kwa kila ununuzi, si mara moja tu. Mtoto akiomba simu, mpe simu, usimpe PIN. Ukiona malipo usiyoyatambua kwenye Google Play, omba kurudishiwa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 48. Na kila mwisho wa mwezi fungua jumbe zako za malipo ujumlishe. Hamsini hamsini hizo zina tabia ya kujificha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala usiogope kulipia gemu nzuri. Walioitengeneza wanakula pia. Ila anayekuuzia akwambie bei mlangoni, ukiwa bado na hiari ya kugeuka na kwenda zako.