Kadi ya Poti Nne ya Kazi Gani?

Leo nimekuja na ubishi, na najua kuna watakaoninunia. Haidhuru.

Kuna homa imewashika vijana wetu wa tarakilishi. Kijana ananunua mashine ya ofisi ya mtumba, zile za ex-UK, anaiongezea RAM, anaweka Proxmox, anawasha mashine pepe mbili tatu. Mpaka hapo sina neno, nampigia makofi kabisa! Wiki ya pili ananipigia simu: "Buda, hii seva ina poti moja tu ya mtandao. Nimeona kadi ya poti nne pale Luthuli Avenue. Nichukue?"

Namuuliza: hizo poti za ziada zitabeba nini? Kimya. Halafu anajibu, "Lakini kwenye video wote wanaweka."

Ugomvi wangu unaanzia hapo. Hizo pesa ni za kibarua, au za mkopo wa masomo, na zinaenda kununua kitu ambacho mnunuzi mwenyewe hajui kitafanya nini.

Desturi hii ina asili yake. Kwenye vituo vikubwa vya data, seva moja hubeba mashine pepe za wateja wengi. Pale poti moja huwa ya usimamizi, nyingine ya kufikia hifadhi ya data, nyingine ya kuhamisha mashine pepe kutoka seva hii hadi ile bila kuizima. Pale ina maana. Mtu akaichukua desturi hiyo akaipeleka nyumbani kwake Marekani, ambako kadi za seva zilizostaafu huuzwa kwa bei ya kutupa, akapiga video. Sisi tukaiga. Sasa wewe una seva moja. Unahamisha mashine pepe kwenda wapi? Jikoni?

Wengi hawajui kinachoendelea ndani ya boksi lao. Ukiweka Proxmox unapewa daraja liitwalo vmbr0. Daraja hilo ni swichi kamili, tofauti ni kwamba imetengenezwa kwa programu ndani ya kerneli ya Linux. Mashine pepe zako zote zimechomekwa hapo. Ya kwanza ikizungumza na ya pili kwenye mtandao huo huo, pakiti zao hazifiki kwenye waya hata kidogo. Zinapita ndani ya kumbukumbu ya mashine, na mara nyingi kwa kasi inayozidi gigabiti moja. Kwa hiyo kama tovuti yako iko kwenye mashine pepe moja na hifadhidata iko kwenye nyingine, hata ukichomeka kadi kumi hutaona tofauti yoyote.

Kinachotumia poti ni kile kinachotoka nje ya boksi. Poti ya gigabiti moja hubeba takriban megabiti 940 za data halisi kwa sekunde, na hufanya hivyo pande zote mbili kwa wakati mmoja: 940 za kwenda, 940 za kurudi. Kifurushi chako cha intaneti nyumbani ni megabiti ngapi? Ishirini? Arobaini? Hata mwenye mia moja bado hajagusa robo ya poti hiyo moja unayoilalamikia.

Hapo mwingine ataruka: "Lakini nikiunganisha poti mbili napata gigabiti mbili!" Hupati. Mpango wa LACP unaotumika kuunganisha poti hutazama anwani za anayetuma na anayepokea, kisha huutwika mtiririko wao wote kwenye waya mmoja, ili pakiti zisifike zimepitana. Ukinakili filamu moja kutoka kwa seva hadi kipakatalishi chako, kasi ni gigabiti ile ile ya jana. Wanaofaidika ni watu wengi wanaonakili kwa pamoja. Nyumba yenu ina watu wangapi wanaonakili filamu saa mbili usiku?

Ukimbana zaidi, utagundua kwamba kijana hatafuti kasi. Anatafuta kutenganisha. Kamera zikae kivyake, wageni wa Wi-Fi kivyao, na maabara yake ya kujifunzia udukuzi isiguse simu ya baba. Hilo ni lengo zuri sana! Kosa liko kwenye kudhani kwamba kila mtandao unahitaji shimo lake ukutani.

Tangu mwaka 1998 kuna kiwango kinaitwa IEEE 802.1Q. Kinachofanya ni rahisi: kila fremu inayopita kwenye waya huongezewa lebo ya baiti 4, na ndani ya lebo hiyo biti 12 ni namba ya mtandao. Ukiondoa namba mbili zilizotengwa, zinabaki 4094. Waya mmoja, mitandao elfu nne na ushei, na haichanganyiki. Hii ndiyo VLAN. Kwenye Proxmox unaweka alama kwenye kisanduku kimoja cha vmbr0, kile kilichoandikwa "VLAN aware", kisha kila mashine pepe unaiandikia namba yake. 10 iwe ya nyumbani, 20 ya kamera, 30 ya wageni. Ni kazi ya dakika tano, pamoja na kunywa chai.

Upande wa pili wa waya unahitaji swichi inayoelewa lebo hizo. Swichi ndogo za aina hiyo, za poti tano au nane, zipo madukani na hazina bei ya kutisha. (Kama unataka wageni wa Wi-Fi watengwe pia, kifaa cha Wi-Fi nacho lazima kijue VLAN. Uliza kabla ya kulipa, usiamini maandishi ya boksi.) Tena swichi inahudumia vitu vilivyo mbali na seva: kamera ya getini, runinga ya sebuleni, printa. Kadi ya poti nne imejifungia ndani ya boksi chini ya meza. Ukitaka kuitumia kwa mitandao minne, bado utanunua waya nne na swichi ya kuzipokea! Hesabu hiyo ndiyo inayonikera kuliko yote.

Sasa nimpe mpinzani wangu haki yake, maana ana hoja moja nzito. Anasema: "Mimi naendesha ngome yangu, OPNsense au pfSense, ndani ya mashine pepe. Intaneti inaingia kwa seva kwanza. Hiyo lazima iwe na poti yake." Hapa nakubali, tena bila kununa. Kiufundi VLAN ingeweza kubeba intaneti kwenye waya ule ule, na wapo wanaofanya hivyo miaka yote bila shida. Lakini kosa moja kwenye swichi, namba moja iliyoandikwa pabaya, na ulimwengu wa nje umeingia upande wa ndani, uso kwa uso na ukurasa wa usimamizi wa Proxmox, ule wa 8006. Waya wa intaneti ukiwa na poti yake, ni vigumu zaidi kukosea, na ukitazama nyuma ya boksi unaona kwa macho kipi ni kipi. Kwa hiyo ongeza poti. MOJA. Sijasema nne. Na daraja utakalolijenga juu ya poti hiyo usilipe anwani yoyote ya IP upande wa Proxmox. Aliachie mashine pepe ya ngome peke yake.

Lakini kabla hujafika huko jiulize kitu kingine. Siku utakapopitisha intaneti ya nyumba nzima ndani ya seva yako, nyumba nzima itakuwa inategemea majaribio yako. Unazima mashine kuongeza RAM, dada yako yuko katikati ya darasa la mtandaoni. Unasasisha kerneli, mama anapiga simu ya WhatsApp kwa mjomba aliye Doha. Na stima yetu mnaijua. Kisanduku cha kampuni ya intaneti kikirudi stima inaporudi, huwa tayari baada ya dakika chache. Seva yako itawasha diski, itawasha Proxmox, itawasha ngome, kama kweli ulikumbuka kuiambia BIOS ijiwashe yenyewe. Kijana ambaye hana UPS lakini ana kadi ya poti nne amepanga mambo yake kichwa chini miguu juu. Pesa hiyo inunue UPS kwanza. Ikibaki, nunua RAM, maana mashine pepe hufa kwa njaa ya RAM muda mrefu kabla hazijakosa poti.

Mwingine mwenye haki ni yule aliye na hifadhi ya data kwenye mashine ya pili, na anasukuma faili za video za gigabaiti mia kila siku. Huyo gigabiti moja inambana kweli. Dawa yake ni poti moja yenye kasi zaidi, ya gigabiti 2.5 au 10, kila upande. Poti nne za polepole hazimsaidii, kwa sababu ile ile ya LACP niliyoieleza.

Haya, umesoma yote hayo na bado unahitaji poti moja ya ziada. Usitishwe na wimbo wa "lazima Intel". Wimbo huo ulitungwa zaidi na watu wa ESXi, ambayo kwa miaka mingi haikuja na draiva za Realtek, na toleo la 7.0 la mwaka 2020 likaua hata zile draiva za kuunganishia za zamani. Proxmox ni Linux, na Linux inazijua Realtek. Ngome yako ikiwa nyuma ya daraja huiona kadi ya virtio tu, haijui chini kuna chuma gani. Intel ina faida ya kweli ukiamua kuikabidhi kadi nzima kwa mashine pepe ya OPNsense, kwa sababu ndani yake kuna FreeBSD, na FreeBSD na Realtek hawajawahi kupendana. Hapo i210 au i350 ni chaguo zuri, ila chunga: i350 bandia zimejaa sokoni. Ukiuziwa mpya kwa bei ya mandazi, jua umeuziwa mandazi. Pima pia boksi lako. Mashine nyembamba za ofisi zinahitaji kadi yenye bati fupi la nyuma, na muuzaji hatakukumbusha.

Zile mashine ndogo kabisa za kukaa nyuma ya skrini mara nyingi hazina nafasi ya kadi ya PCIe. Wenye nazo hukimbilia adapta za USB. Kwa dharura sawa, na ya USB 3.0 yenye chipu ya kueleweka inaweza kukaa miezi bila matata. Ila nyingine zimeandikwa "Gigabit" mgongoni huku ndani ni USB 2.0, ambayo mwisho wake ni megabiti 480 hata kabla ya gharama zake. Na USB ina tabia ya kujikata na kujiunga tena mzigo ukizidi. Intaneti ya nyumba nzima juu ya kitu kinachoweza kuguswa na fagio kikachomoka? Mimi siwezi.

Kitu cha mwisho, na hiki hakisemwi kwenye video. Linux huipa poti jina kulingana na mahali ilipo kwenye basi la PCIe, kwa mfano enp2s0. Ukichomeka kadi mpya, namba za basi zinaweza kusogea, na ile poti yako ya zamani ikaamka asubuhi inaitwa enp3s0. Faili ya /etc/network/interfaces bado inatafuta enp2s0, haipati, vmbr0 inabaki bila waya, na wewe hufikii seva tena kwa mtandao. Wapo waliofuta kila kitu na kuanza upya kwa sababu ya herufi hizo! Kabla ya kuzima mashine, andika anwani ya MAC ya poti ya zamani, tengeneza faili ya .link ya systemd inayofunga jina kwa anwani hiyo, urekebishe interfaces ifuate jina hilo, na siku ya kuchomeka kadi uwe na skrini na kibodi karibu.

Na kwa yule wa Luthuli Avenue: kabla hujatoa pesa, acha seva ifanye kazi wiki nzima, kisha fungua chati ya mtandao ya Proxmox, uchague ile ya wiki. Chati inahesabu kwa baiti, kwa hiyo zidisha kwa nane. Ukiona mstari umekaa juu ya megabiti 900 kwa saa nzima, nipigie, twende dukani pamoja na nauli ni yangu.